Jasusi Asiye na Jamaa

Jumamosi jioni, katika kibanda kimoja cha video mtaani Kondele, hapa Kisumu, mlango hufunikwa kwa blanketi ili mwanga wa nje usififishe picha, na vijana hubanana kwenye mabenchi ya mbao kutazama filamu ya Kizungu ambayo sauti yake ya asili imepunguzwa, huku msimulizi akiwaeleza kwa Kiswahili nani anamfuata nani, nani amewauza wenzake na staringi ana mpango gani. DJ Afro ndiye aliyeifanya kazi hii ya usimulizi ijulikane nchi nzima, na wapo wengi wanaofuata nyayo zake. Kibandani kuna kanuni moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba au kutumbukizwa majini akiwa ndani ya gari, lakini filamu ikikaribia kwisha atasimama tena.

Ndiyo maana filamu ya ishirini na tano katika mfululizo mkuu wa James Bond, jasusi wa kubuni wa Uingereza, iliyotoka mwaka 2021, ilizua ubishi nilioushuhudia mwenyewe. Bond alibaki peke yake kisiwani, makombora yakaja, akafa. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu alitangaza kwa uhakika kamili kwamba jamaa ametoroka kupitia chini kwa chini, na kwamba hayo yataelezwa katika filamu itakayofuata. Wenzake walikubaliana naye papo hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini kijana wa Kondele, ambaye babu yake alizaliwa chini ya bendera ya Uingereza, anakataa kumzika mtumishi wa serikali ya Uingereza.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni magari ya kifahari, suti, saa zenye vifaa vya siri, wanawake warembo na miji ya mbali. Siliamini jibu hilo, kwa kuwa vitu hivyo vyote huchakaa. Gari lililowashangaza watazamaji mwaka 1964 leo ni la kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, na simu iliyo mfukoni mwa kijana yule wa Kondele inafanya mambo ambayo wahandisi wa Bond wa zamani hawakuyaota. Waigizaji sita wamepokezana nafasi hiyo katika mfululizo huo tangu mwaka 1962. Maadui nao wamebadilika, kuanzia Warusi hadi matajiri wenye visiwa vyao. Kitu kinachodumu katika mabadiliko yote hayo lazima kiwe mahali pengine.

Tuanze alikozaliwa. Ian Fleming, aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa ujasusi wa jeshi la wanamaji la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika riwaya ya kwanza ya Bond mapema mwaka 1952 katika nyumba yake ya Goldeneye, pwani ya kaskazini ya Jamaica. Jina la mhusika alilitoa kwenye jalada la kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibi, kilichoandikwa na Mmarekani mmoja mtaalamu wa ndege, kwa sababu alitaka jina la kawaida kabisa lisilovuta macho. Riwaya ilitoka London tarehe 13 Aprili 1953. Wakati huo Mwingereza wa kawaida alikuwa bado anapimiwa nyama na sukari kwa kadi za mgao zilizobaki tangu vitani, na ndani ya kitabu alimkuta mtu wa nchi yake akila mayai ya samaki, akinywa shampeni na kuagiza nusu ya parachichi. Parachichi hilo hunifanya nisimame kila ninapofikia ukurasa ule. Tunda ambalo Kisii na Vihiga huanguka chini ya mti likaokotwa na watoto, kwa msomaji wa London lilikuwa ndoto. Mvuto wa kwanza wa Bond, kwa watu wake mwenyewe, ulikuwa mvuto wa shibe kwa watu waliopungukiwa, na wa nguvu kwa taifa ambalo himaya yake ilikuwa inamomonyoka.

Ilikuwa inamomonyokea wapi? Siku tano kabla ya kitabu hicho kutoka, tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, kaskazini mwa Kitale, hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani, kwa madai ya kuongoza vuguvugu la Mau Mau lililopinga ukoloni, Jomo Kenyatta na wenzake watano, akiwemo mwana wa Nyanza, Ramogi Achieng Oneko, akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Juma moja, siri mbili za Uingereza. Ya kwanza ilikuwa ya kubuni, nayo ikauzwa madukani. Ya pili ilikuwa ya kweli, nayo ilikaa gizani kwa miaka. Shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza ili autoe. Kesi ya Kapenguria haikufunguliwa upya. Badala yake, Macharia mwenyewe alishtakiwa kwa kiapo hicho cha kukiri na kufungwa gerezani.

Huo ndio ujasusi halisi wa ukoloni ulivyokuwa: shahidi aliyenunuliwa, faili iliyofichwa, mtoa habari aliyefunikwa gunia ili awanyoshee kidole majirani zake. Haukuwa na gari la kupendeza wala mwisho. Ilipofika mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau waliokuwa wakidai fidia mahakamani London, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imehifadhi mahali pa siri maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani, takriban 8,800 kutoka nchi 37. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Siri ya miaka hamsini na zaidi ilihitaji wazee wenye mikongojo, wanahistoria na mawakili ili itoke. Ya Bond hutoka kwa muda wa saa mbili.

Hapo ndipo ninapoona mvuto wenyewe. Katika hadithi ya jasusi, siri huwa na mwisho. Kuna mtu mahali fulani anayepanga uovu, mipango yake haionekani, wakubwa wanahangaika, na mtu mmoja mwenye mwili kama wetu anaingia hadi chumba cha ndani kabisa, anamkuta mpangaji wa uovu amekaa kwenye kiti chake, na, jambo la ajabu kuliko yote, yule mwovu anamweleza kila kitu. Wahakiki huudharau mtindo huo wa adui kueleza mpango wake wote kabla ya kujaribu kumuua Bond. Mimi nauona kuwa ndiyo kiini cha hadithi. Mtazamaji hajalipa shilingi ishirini kuona mtu akipigwa risasi tu. Amelipa kusikia mwenye nguvu akikiri.

Watu wa upande huu wa Kenya wana sababu ya kulitamani hilo kuliko wengi. Februari 1990, Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, na siku chache baadaye mwili wake ukapatikana kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na hapo, ukiwa na jeraha la risasi na umechomwa moto. Uingereza, nchi ya Bond, ilimtuma mpelelezi wa kweli, John Troon wa Scotland Yard, pamoja na wenzake. Alihoji watu, akaandika ripoti, akaondoka. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya hapo ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Kamati ya bunge ikafuata miaka kadhaa baadaye. Hadi leo hakuna mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Nimekaa katika matanga mengi kati ya Ahero na Muhoroni ambako, usiku ukishakuwa mkubwa na moto kupungua, mazungumzo hurudi kwa Ouko, na kila mzee ana kipande chake cha habari, na vipande havishikani. Anayeishi na hadithi ya namna hiyo humpenda mtu anayeingia chumba cha ndani na kutoka na jibu. Wala sioni aibu yoyote katika mapenzi hayo.

Hata hivyo, mvuto huo una gharama yake, na gharama yenyewe huonekana katika jambo ambalo wachambuzi wengi hulitaja kwa haraka: Bond ni yatima. Katika riwaya za Fleming wazazi wake walikufa katika ajali ya kupanda milima alipokuwa na umri wa miaka 11. Hatajwi kuwa na kaka wala dada. Alioa mara moja, na mkewe akapigwa risasi saa chache baada ya harusi. Lugha yetu ina neno la mtu kama huyo, mkiwa, na katika ngano zetu mkiwa ni mtu wa kuhurumiwa, anayelala jikoni na kula makombo mpaka ndege au bibi kizee amwonee huruma.

Mfikirie msomaji wa Bond hapa Kisumu. Ni mwalimu, au karani, au fundi wa pikipiki. Simu yake inalia kuanzia asubuhi. Mpwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Shangazi amelazwa. Kamati ya mazishi ya mjomba imefungua kikundi cha WhatsApp na kumuingiza bila kumuuliza, kwa sababu maiti iko Nairobi na lazima isafirishwe hadi Ugenya kabla ya Ijumaa, na majina ya waliochanga yanaorodheshwa kila jioni, na jina lake bado halimo. Mtu huyo akifungua riwaya anakutana na mwanamume wa umri wake anayefika uwanja wa ndege bila mzigo, analala hotelini peke yake, na hakuna hata mtu mmoja duniani anayemwambia rudi nyumbani. Ni uhuru unaomfanya avute pumzi ndefu. Papo hapo, kama ni mtu mwenye moyo, anahofu. Nani atamzika mtu huyu? Nani atasimama kaburini na kusema alikuwa wetu?

Fleming alijua alichokuwa akifanya. Dola humkabidhi mkiwa siri zake kwa sababu hana wa kumwambia, na humpa kibali cha kuua kwa sababu hakuna ukoo utakaoitwa kulipa dhambi hiyo. Waandishi wa filamu ya mwaka 2021 walilielewa hilo vizuri, nami naihesabu kuwa filamu yenye ujasiri kuliko nyingi za mfululizo huo. Bond anapata mtoto. Anamkatia tunda asubuhi kama baba yeyote. Kisha adui anampaka sumu iliyotengenezwa kwa namna ambayo akimgusa mwanawe au mama wa mwanawe, atawaua. Baada ya hapo hana njia ila kufa. Aliyepata jamaa hawezi tena kuwa jasusi wa aina ile. Kijana wa Kondele alikataa kifo hicho, lakini nadhani alichokikataa hasa ni kwamba mtu afe siku ileile aliyopata watu wake.

Sasa tujitazame wenyewe, kwa kuwa Kiswahili nacho kilizaa majasusi wake. Mwaka 1974 Elvis Musiba wa Tanzania alichapisha Kufa na Kupona na kumleta Willy Gamba, mpelelezi wa Dar es Salaam anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa Afrika zilizoibwa. Miaka sita baadaye David Maillu wa Kenya, akiandika kwa Kiingereza, alimleta Benni Kamba, wakala nambari 009, anayelitumikia shirika la siri la bara zima. Wasomi waliiita kazi ya namna hii fasihi pendwa kwa sauti ya kuishusha, na wengine walisema Gamba ni Bond aliyepakwa masizi. Nadhani walikosea. Gamba ana bastola, ana wanawake na ana safari za ndege, ni kweli, lakini mahali anapoelekezea nguvu zake ni kwingine kabisa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Kitabu kilipotoka, Msumbiji na Angola zilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Msomaji aliyesoma Gamba wakati huo alijua kwamba nyaraka zikipotea kweli, wapiganaji wa kweli watakufa msituni. Bond alilinda himaya iliyokuwa inakwisha; Gamba alilinda uhuru uliokuwa unakuja. Namna hiyo ya kumbeba mhusika wa wenzetu na kumgeuza akabili upande wa pili siwezi kuiita uigaji.

Kwa nini basi Gamba hakudumu katika midomo ya vijana kama alivyodumu Bond? Ipo sababu ya fedha na filamu, nayo haihitaji maelezo marefu. Sababu ninayoiona kuwa nzito zaidi ni ya adui. Ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulipofikia kikomo mwaka 1994, jasusi wa Kiafrika alipoteza adui wa nje ambaye kila msomaji alikubali kuwa ni adui. Bond alipompoteza Mrusi alipewa mwingine. Gamba hakuwa na wa kupewa, kwa sababu kufikia hapo mwenye njama alikuwa ameketi ndani ya nyumba, pengine ndani ya ofisi ileile iliyomtuma.

Nchini Kenya tatizo hilo lilianza mapema zaidi. Katika miaka ya 1980, walimu wa vyuo, wanafunzi na waandishi walichukuliwa na maafisa wa Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi, wakapelekwa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, na kuteswa humo. Mtu wa kizazi hicho, akisikia neno kachero, hamwoni mwanamume mwenye suti akicheza karata. Anamwona mgeni aliyeketi pembeni ya kilabu akisikiliza, au gari lisilo na alama linalosimama nje ya boma saa nane usiku. Kumwandikia msomaji huyo riwaya ya Kiswahili ambamo kachero wa serikali ndiye shujaa kungekuwa kumtukana. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Kenya haikupata Gamba wake wa Kiswahili, na ndiyo maana pia ilikuwa rahisi kumpenda jasusi wa Kizungu: yeye hakuwahi kubisha mlango wetu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha waandishi wenzangu hadithi ambayo kila mtoto wa Kano ameisikia. Luanda Magere, shujaa wa Waluo, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Wanandi, tuwaitao Lang'o, ilimgonga na kupinda. Waliposhindwa vitani walimpa binti mrembo awe mke wake, kama ishara ya amani, na wazee wa Kano pamoja na mke wake wa kwanza walimwonya asimwoe. Alimwoa. Siku moja akaugua, akamwambia mke mdogo achanje kivuli chake badala ya mwili ili apake dawa, na kivuli kikatoka damu. Usiku huo mwanamke alitoroka kurudi kwao. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulichomwa kwenye kivuli, na Luanda akaanguka na kugeuka jiwe, ambalo hadi leo huonyeshwa katika uwanda wa Kano, na husimuliwa kwamba wawindaji walinoa mikuki yao juu yake. Watu wa pwani wana Fumo Liyongo, aliyeweza kuuawa kwa sindano ya shaba kitovuni tu, na aliyeitafuta siri hiyo kwake alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyetumwa na mtawala wa Pate.

Hizi ni hadithi za ujasusi, tena zilizokamilika: kuna utume, kuna kujificha, kuna siri, kuna kutoroka usiku. Tofauti ni kwamba zinasimuliwa kutoka upande wa aliyesalitiwa. Kwetu siri haichukuliwi na mkiwa anayefika kwa ndege. Huchukuliwa na mtu anayelala kitanda kimoja nawe, anayeijua njia ya kwenda chooni gizani, na msemo wa kikulacho ki nguoni mwako una ujuzi wa kijasusi kuliko mitambo yote ya Bond. Ikiwa Bond huvutia kwa kuwa hana jamaa, jasusi wa hadithi zetu hutisha na huumiza kwa sababu anao, tena anao pande zote mbili.

Naamini riwaya kubwa ya kijasusi ya Kiswahili bado haijaandikwa, na ikiandikwa itatoka huko. Mwanamke yule wa Kinandi alitumwa na wazee wake. Alimpikia adui wa watu wake, akamtunza alipougua, na huenda alicheka naye jioni. Usiku ule alipoona damu ikichuruzika ardhini kutoka mahali ambapo hapakuwa na mwili, alikuwa na muda wa kuchagua, nao haukuwa mrefu. Katika masimulizi yote niliyoyasikia utotoni jina lake halitajwi. Husemwa tu kwamba alitoka, akashika njia ya milima ya Nandi. Ningependa kusoma kitabu kinachoanzia pale mlangoni, mume akiwa bado amelala kwa homa, kinachomfuata akiukata uwanda wa Kano gizani kwa miguu, mbwa wa boma wasimbwekee kwa sababu wanamjua.